Simu ya Baba Mkwe

Subilaga aliisikiliza sauti ya Bibi kwa mara ya tatu, ingawa mara ya kwanza ilikuwa imemtosha. Alikuwa amejifungia katika chumba kidogo cha Kituo cha Uzazi cha Jimbo, kichwa kakilaza mezani, na sauti ile ikatoka ukutani kwa lugha ya milimani, taratibu, kama ya mtu anayembembeleza mtoto.

"Tusekile, mama, lalia ubavu wa kushoto. Usiogope. Kipanga kimeshapaa. Naita watu wa nyumbani wawashe taa."

Kukawa kimya kidogo.

"Namwita Anyimike, mume. Hapokei. Namwita mama mkwe. Simu imezimwa. Namwita mhudumu wa afya wa kijiji. Amepokea, yuko ng'ambo ya mto, anakuja." Kisha kikaja kimya kingine, na hicho ndicho kilichokuwa kikimkata Subilaga maini. "Baba mkwe yuko karibu. Kanuni ya heshima inazuia. Naanza upya. Namwita Anyimike, mume."

Ikaendelea hivyo, mzunguko baada ya mzunguko, kwa upole uleule. Nyuma ya sauti ilisikika pumzi ya mwanamke ikikoroma, ikipotea, ikirudi, na kwa mbali mngurumo wa kipanga kikizunguka juu ya paa bila kushuka.

Bibi hakuwa mtu, japo jimbo zima lilimtaja kama mtu. Wanawake walisema Bibi kanikataza chumvi, Bibi kasema nisilime leo, na waume waliokuwa hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini walimsikia Bibi. Alikuwa mtambo, na macho yake yalikuwa shanga. Kila mjamzito wa Jimbo la Nyanda za Juu alipewa shanga za kiunoni, na punje moja kati ya zile ilipima presha, joto na mapigo ya mtoto, na kumnong'oneza mvaaji maneno ya Bibi. Waliochagua shanga walijua walifanyalo, kwa sababu kiuno cha mwanamke ni siri yake, na hakuna wifi wala mkwe atakayemuuliza amevaa nini huko. Akinusa hatari tu, Bibi alituma kipanga, yaani lile gari la wagonjwa linaloruka bila rubani, lenye damu, dawa na mikono ya chuma ya kumfunga mgonjwa kitandani.

Kasoro ya kipanga ilikuwa moja. Kwenye ukungu hakikushuka mpaka mtu wa chini apokee simu ya Bibi na awashe taa ya kutua, la sivyo kingeangukia migomba au kuangukia watu. Na milimani ukungu haubishi hodi. Ndiyo maana kila nyumba yenye mjamzito ilipewa taa, na kila mjamzito alikuwa na watu wa kuitwa, mmoja baada ya mwingine.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Luvanda, mkuu wa mpango, aliingia na kikombe cha chai kilichopoa.

"Umesikiliza tena."

"Ndiyo, daktari."

"Kesho unakwenda Lupembwe kutoa pole kwa niaba ya jimbo. Mzee atauliza kwa nini Bibi hakumwita yeye aliyekuwa pale pale nyumbani. Mwambie kifaa kiliharibika. Betri ya shanga."

"Haikuharibika."

"Najua haikuharibika. Nakupa la kusema, sikuulizi lililotokea."

Subilaga aliinua uso. Luvanda aliona macho yale mekundu, akavuta kiti, akakaa. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, kazi ya Subilaga siku ile ingekuwa nyepesi.

"Sikia, binti. Mimi nilianza udaktari huko huko milimani kabla ya shanga. Tulikuwa tukizika mama na mtoto katika kaburi moja, tukirudi tunanawa mikono, tunakula, kwa sababu tulishazoea. Nimeapa sitazoea tena. Ukiwaambia kwamba Bibi alijua na akanyamaza, wanawake watazivua shanga. Ukiwaambia kwamba kuanzia leo Bibi atawaita baba wakwe, watazivua vilevile. Au umesahau ya mwaka ule?"

Hakuwa amesahau. Mwaka wa kwanza wa shanga, Bibi alimpigia simu mzee mmoja akiwa kilabuni, akamwambia mbele ya wenzake kwamba mkamwana wake anatokwa na damu. Aliokolewa mkamwana yule, naam, lakini alipopata nguvu alirudi kwao kwa aibu asionekane tena, na mzee akahamia shambani akajenga kibanda. Kwa watu wa milima ile, baba mkwe na mkamwana hawaonani uso kwa uso. Hawatajani majina. Mzee akitaka kupita uani hukohoa kwanza, ili mkamwana ajifiche, na mmoja akiwa na neno kwa mwenziwe, humpitishia mtu wa tatu. Mama yake Subilaga mwenyewe alikuwa akizunguka njia ndefu ya mtoni, ndoo kichwani, ili asikutane na babu. Sembuse mashine itangaze mambo ya mapajani! Kabla ya mvua kuanza, shanga za serikali zilikuwa zikiokotwa chooni na kwenye mibuni.

Ndipo Subilaga, mtunga kanuni za Bibi na binti wa milima hiyohiyo, alipoitisha mkutano pale Lupembwe. Wazee walikaa mbele, mama wakwe nyuma yao, na wakamwana wakaketi mwisho kabisa, kanga zimewafunika mpaka puani. Aliwauliza: Bibi asiwaite baba wakwe kamwe, mnakubali? Wazee wakakubali. Mama wakwe wakakubali kwa vigelegele. Akawageukia wakamwana, nao wakatazama chini. Subilaga alijua vizuri kwamba mkamwana hasemi mbele ya wakwe zake, na bado akauchukua ule unyamavu akauita ndiyo. Akaiandika kanuni, akaipa jina la heshima. Shanga zikarudi viunoni, vifo vikapungua mpaka vikasahaulika, na jimbo likampandisha cheo.

"Kwa hiyo uongo mmoja tu," Luvanda alisema, "na mzee wa watu apumzike."

"Na mkamwana wake mwingine? Yumo mle mle nyumbani, daktari. Ana mimba, ana shanga, na kanuni ni ileile."

Luvanda alikichukua kikombe chake. "Tutaiangalia kanuni," alisema. "Mambo yakitulia." Akainuka, akamtakia safari njema.

*

Nyumba ya Mzee Mwalyego ilikuwa kwenye kilima, migomba kila upande, ukungu umeilalia kiasi kwamba Subilaga aliuona ukuta kabla ya kuliona paa. Tanga lilikuwa limekwisha. Majani ya kulalia waombolezaji yalikuwa bado yamerundikwa uani, na sufuria za kuazima zilisubiri wenyewe. Mama wa nyumba alikuwa hospitali ya jimbo akimlea mjukuu, kwa maana mtoto alipatikana mzima. Mhudumu wa kijiji alifika anahema, akawasha taa, kipanga kikashuka, nacho kikafanikiwa kumtoa mtoto njiani. Mama yake kifafa cha mimba kilikuwa kimeshamaliza kazi.

Mzee mwenyewe alikuwa barazani, kwenye kigoda, koti zito limemzidi mwili. Shingoni alining'iniza simu kwa kamba ya kiatu. Juu ya kichwa chake, kwenye nguzo ya baraza, ilitundikwa taa ya kutua.

"Ndaga, baba," Subilaga alimsalimu kwa lugha ya milimani, akipiga goti kidogo kama alivyofunzwa. "Poleni sana kwa msiba."

"Ndaga, mwanangu. Tumekwisha kupoa. Kaa." Alimsogezea mkeka kwa mguu. "Wewe ni wa Bibi."

"Ndiyo, baba. Natoka kwa Bibi."

Kutoka ubavuni mwa nyumba ulisikika mchi ukitwanga. Jiko lilikuwa la mbao, limeegemezwa kwenye ukuta wa baraza, na mwenye mchi hakuonekana. Subilaga alijua ni Ikupa, mke wa kitinda mimba, yule aliyebaki. Alijua pia kwamba mbao zile hazizuii neno.

Mzee alivua simu shingoni, akaifuta kwa upindo wa koti, akampa kwa mikono miwili.

"Hebu nitazamie hii. Fundi wa sokoni ameifungua, akasema nzima. Lakini mafundi wetu unawajua, hata redio iliyokufa watakwambia imelala."

Subilaga aliipokea. Ilikuwa simu ndogo, mpya, ya aina rahisi kuliko zote, na imejaa chaji. Ndani yake mlikuwa na namba moja tu, ya mkewe.

"Mimi sikuwa na simu," mzee alisema. "Nani wa kunipigia? Lakini mwenzako huyu, huyu mke wa Anyimike, alipovaa shanga, mwanangu aliniambia, baba, siku ya hatari Bibi ataita watu wa nyumbani. Nikauza mbuzi. Nikajifunza kupokea. Mama yao alikuwa anakaa jikoni, ananipigia: haloo, mzee, chai tayari! Nami hapa barazani nabonyeza, nasema haloo, naja! Majirani walitucheka. Wazee wazima wanapigiana simu kupitia ukuta."

Alitabasamu, kisha tabasamu likamponyoka.

"Siku ile sikwenda shamba. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba kichwa kinamuuma, anaona nyota mchana. Sikusikiliza makusudi, ni mbao hizi. Mama yao alikuwa msibani kwa Mwasomola, na msibani simu huzimwa. Anyimike yuko kwenye msumeno, huko hata radi haisikiki. Huyu mwingine akaenda sokoni, mgonjwa akajilaza chumba cha ndani. Nikabaki mimi. Siwezi kuingia, unajua. Siwezi kuita. Nikakaa hapa hapa, simu mkononi, nikasema likiwa kubwa Bibi ataniambia. Simu haikulia. Nikajua amelala, amepata nafuu."

Mchi jikoni ulikuwa umepunguza mwendo.

"Kisha nikakisikia kipanga. Juu hapa, kwenye ukungu. Kinazunguka, kinazunguka. Nikasema, masikini, leo ni nyumba ya nani? Na watu gani hawa, mbona hawakiwashii taa?" Aliinua mkono bila kusimama, vidole vikaigusa taa iliyokuwa juu ya kichwa chake. "Niliwalaani, mwanangu. Niliwalaani hao watu nisiowajua."

Subilaga alitaka kulia, na alijua hana haki ya kuanza yeye. Uongo wa Luvanda ulikuwa umeshamjia mdomoni, mfupi na laini. Ungeweza kumpumzisha mzee. Ungeweza kuzibakiza shanga katika viuno vya wanawake wa wilaya nzima, na hilo si jambo dogo.

"Baba," alisema, "kuna wakati kifaa..."

"Basi ni simu." Mzee aliinamisha kichwa. Hakungoja amalize. "Nilijua. Muuzaji alikuwa na nyingine, nzuri zaidi, nikaona mbuzi wawili ni wengi. Mbuzi! Nimemuua mtoto wa watu kwa kubania mbuzi mmoja. Kwao nitakwenda kusema nini?"

"Hapana, baba."

"Usinifariji. Nimezeeka, sijazeeka masikio."

"Simu yako ni nzima." Subilaga aliilaza mapajani. "Simu yako ilikuwa nzima siku ile. Shanga zilikuwa nzima. Bibi alijua kila kitu, alijua uko hapa, alijua taa iko wapi. Hakukuita kwa sababu mimi nilimkataza. Mimi ndiye niliyeandika kwamba asimwite baba mkwe hata kwa dawa. Aliwaita wengine wote, akirudia na kurudia, akakuruka wewe kila mara. Kipanga kile kilikuwa chako, baba."

Mchi ukanyamaza kabisa.

Mzee aliinua uso. Alimtazama kana kwamba anamtafuta mtu nyuma yake. Subilaga alingoja kufukuzwa, na angefukuzwa angeshukuru.

"Ulikataza kwa ajili ya heshima," mzee alisema mwisho.

"Ndiyo."

"Yangu na yake."

"Ndiyo, baba."

"Ungetuuliza."

"Niliwauliza. Pale mkutanoni, uwanja wa shule. Na wakamwana niliwauliza mbele yenu, nikijua hawawezi kujibu."

Mzee alitikisa kichwa polepole, na Subilaga akadhani anamkatalia. "Nilikuwepo," alisema. "Nilikaa mstari wa mbele. Wewe uliposema, nilipiga makofi. Nilisema, huyu binti amelelewa. Sikujua kwamba ulimaanisha hata siku ya kufa." Akaufunika mdomo kwa kiganja, na maneno yaliyofuata yakapita kati ya vidole. "Miaka yote aliyokaa humu sikuwahi kumwona. Nilikuwa namjua kwa nyayo zake. Alikuwa anaburuta kandambili mguu mmoja. Uso wake nimeuona siku ya kumzika, walipofunua sanda. Mzuri, mwanangu. Alikuwa na kidoti hapa, shavuni. Nikasema, kumbe ndiye huyu aliyekuwa ananipikia."

Akalia. Alilia bila kujificha, mabega yakipanda na kushuka ndani ya lile koti, na Subilaga akalia naye, kila mtu mahali pake, kwa sababu hapakuwa na namna ya kushikana.

Walipotulia, Subilaga alisikia vyombo vikisogezwa jikoni, kisha nguo ikipapasa mbao. Luvanda hakuwa amekosea hata neno. Ikupa alikuwa ameyasikia yote, na mikono yake sasa bila shaka ilikuwa kiunoni. Angezivua. Kesho angewaambia wenzake kisimani, nao wangezivua, na kwenye ukungu mwingine, katika nyumba ambayo Subilaga haijui, mwanamke angekufa bila hata kipanga kumzungukia. Huyo naye angekuwa wake. Aliukubali mzigo ule akiwa amekaa palepale mkekani, kwa kuwa hakuona wa kumpa. Na aliona pia la kufanya, lenye kuchosha na lisilo na makofi: kwenda nyumba kwa nyumba, kumkuta kila mkamwana peke yake wakati wa kumvisha shanga, kumuuliza kwa kunong'ona kama Bibi amwite baba mkwe siku ya hatari, na kulichukua jibu lake kama lilivyo. Wengi wangekataa. Alizijua nyumba zao, alimjua mama yake.

"Dada," sauti iliita kutoka jikoni.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya binti ambaye hajafikisha umri wa kukaripia mtu. Kama desturi inavyotaka, ilimwita mtu wa tatu.

"Nakusikia, mdogo wangu."

"Mwulize baba..." Ikakwama. Ikavuta pumzi. "Mwulize baba kama simu yake ina chaji."

Subilaga aligeuka ili aupeleke ujumbe, maana ndiyo kazi ya mtu wa tatu, hata kama kati ya anayesema na anayesikia pana ubao mmoja tu. Lakini Mzee Mwalyego alikuwa ameinua mkono kumzuia. Alichukua simu kutoka mapajani kwa Subilaga, akairudisha shingoni, akaiweka sawa juu ya kifua. Alitazama chini, kwenye sakafu ya baraza, mbali na upande wa jiko. Akakohoa kile kikohozi chake cha kupita uani, ambacho wakamwana wake wawili walikuwa wakikimbia kila wakikisikia.

Nyuma ya mbao hakuna aliyekimbia.

"Ina chaji," mzee alisema, bila mtu wa tatu. "Ina chaji, mwanangu."

"Basi isizimwe, baba," Ikupa alijibu, na baada ya kitambo mchi ukaanza tena.